Nauli ya Kwenda Tu

Mtu mmoja alikuwa na ndege aliyoiunda kwa mikono yake, ndogo, ya kubebwa kwapani. Aliitwa Mwaisumo, seremala, mgane, na alikuwa na binti mmoja tu, Tusekile. Binti alitaka kwenda kufanya kazi mbali. Baba alitaka akae karibu. Waligombana. Siku Tusekile alipopanda ndege, baba hakwenda kumsindikiza. Alisimama nyuma ya karakana yake akaitazama ndege mpaka ikapotea, kisha akaingia ndani akalia.

Baada ya hapo ndipo akaiunda ndege yake ndogo, mfano wa ile ile aliyopanda binti. Alichonga mabawa kwa mbao nyepesi, akayavika karatasi, akapaka mstari wa buluu mkiani. Kwenye dirisha moja, nyuma ya bawa, akabandika kichwa kidogo chenye kitambaa chekundu. Hakumwambia mtu kichwa kile ni cha nani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Jioni aliirusha kwa rimoti kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, mbele ya nyumba yake. Kwenda, ilikwenda vizuri. Akisukuma kijiti kushoto, inakata kushoto; akisukuma kulia, inakata kulia. Lakini akiigeuza irudi, mkono wake unafanya vile vile ulivyozoea, na ndege inakwenda asikotaka. Akijaribu kuiokoa anazidi kuipoteza, nayo inajibwaga chini. Anaokota vipande, anaunga upya. Majirani hawakosi la kusema: wakasema ndege ya Mwaisumo imelipiwa nauli ya kwenda tu. Alicheka pamoja nao, na moyo ukamuuma.

Kiangazi kimoja Tusekile alirudi bila kuaga alikotoka wala kutoa taarifa alikokuwa anakwenda, begi mkononi, akabisha hodi. Miaka yote ile mzee hakuomba kitu kingine. Ila alipofungua mlango, hata shikamoo ya mwanawe hakuiitikia. Yaliyomtoka ni maneno aliyoyaweka tangu siku ya kuagana: kwamba alimwonya, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwamba nani alimtuma. Alikuwa bado anausemesha mgongo wa mtu anayeondoka, na mbele yake umesimama uso. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akaingia, akapika, wakala.

Kesho yake jioni alifuatana na baba yake shambani. Aliiona ndege ikienda vizuri, akaiona ikirudi na kuanguka. Aliokota bawa lililovunjika, akampa kwa mikono miwili.

“Baba, inapokwenda, kushoto kwako ndiko kushoto kwake. Inapokuja kwako, kushoto kwako ndiko kulia kwake. Na mimi nilikuwa nakuja.”

Asubuhi binti akaondoka.

Mwaisumo alilishika lile bawa siku nyingi kabla ya kuliunga. Aliporudi shambani alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndege ilipogeuka kurudi, naye aligeuka, akaelekea kule inakoelekea, akawa anaitazama juu ya bega lake. Sasa kushoto kwake kukawa kushoto kwa ndege tena. Ikaja taratibu, ikatua juu ya mabua, kitambaa chekundu kikiwa bado dirishani. Hakuna aliyeiona ila yeye.

Lakini kwa kuwa alikuwa amegeuka, aliona na kitu kingine. Aliiona nyumba yake kama aionavyo mtu anayetoka mbali, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Alimpigia simu binti yake akamwomba radhi. Tusekile alisema yamekwisha, baba, na safari ya kuja ataiangalia. Bado anaiangalia. Mzee naye kila jioni anairusha ndege yake na kuirudisha salama, na hafungi mlango mpaka giza liingie kabisa.

Nawe unayemngoja wako arudi: umewahi kwenda kusimama pale atakapotokea, ukautazama mlango wako?