Vifaranga vya Boga

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa jiko!
Na jikoni?
— Kuna sufuria!
Na ndani ya sufuria?
— Hatujui, tufunulie!

Haya, nafunua. Lakini sogeeni kwanza, mimi sina koo la kupiga kelele. Wewe Sefu, acha kumfinya mwenzio. Nimekuona. Ukimfinya tena nanyamaza, na wenzako watajua nani kawakatia hadithi.

Basi. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji cha baridi. Mahindi yakikauka, maboga yakilala shambani, ukungu ukishuka asubuhi, watu walijua limbuko limefika.

Limbuko mnalijua? Ni kuonja mavuno mapya kwa mara ya kwanza. Na kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Wakubwa hawaonji. Wazee hawaonji. Jumbe mwenyewe, na kitambi chake chote, haonji. Wanaanza watoto. Wanapikiwa kitafunio cha chumvi, na mpishi ni mke mgeni, yule aliyeolewa kijijini mwaka huo. Anasimama uwanjani, anaweka kitafunio kiganjani, mtoto anakichukua, anakula. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Watoto wote wakila, ngoma inalia, ghala zinafunguliwa, na yule mke si mgeni tena. Mtoto mmoja akikataa, hata mmoja tu, yule mke anafunga mizigo yake anarudi kwao.

Msinikodolee macho. Desturi sikuitunga mimi.

Mwaka huo mke mgeni alikuwa Nyamizi. Katoka mbali, nchi ya tambarare, kaolewa na Shembilu. Shembilu alikuwa amefiwa na mke, kaachiwa mtoto mmoja wa kike, Kidawa, umri ule wa kung'oka meno ya mbele. Na Kidawa hakula chakula cha Nyamizi. Asubuhi uji, hataki. Mchana ugali, hataki. Jioni viazi, hataki. Hutoka mbio akaenda kula kwa shangazi yake, Mwantumu, dada yake Shembilu.

Mwantumu alimpenda Kidawa, tusimwonee. Lakini mdomo wake, jamani! Kila akimpakulia mtoto, humwambia, "Usile vya yule, mwanangu. Mama yako yuko kaburini, na yule anapikia sufuria za mama yako."

Mtoto akiambiwa hivyo atakula? Wewe ungekula? Haya basi.

Nyamizi aliumia. Alimpenda yule mtoto, alipenda hata lile pengo lake la meno. Kila jioni alimwekea sahani, akaifunika kwa kawa. Kila asubuhi aliikuta vilevile, chakula kimekauka juu. Shembilu akamuuliza, "Nimlazimishe?"

"Thubutu!" Nyamizi akasema. "Atakula leo, na atanichukia mpaka azeeke."

Siku ya limbuko ikakaribia. Mwantumu akapita mlangoni, kanga kaifunga kibwebwe, akaita, "Wifi, mizigo umefunga mwenyewe au nije nikusaidie?"

"Karibu ndani, wifi," Nyamizi akamjibu. Aliingia ndani akalia, akanawa uso, akamwendea mumewe.

"Baba Kidawa, marehemu alikuwa anawapikia nini watoto?"

"Vifaranga vya boga," Shembilu akasema. "Vitonge vya njano vya kukaanga. Macho ni kunde za kuchemsha, mdomo ni punje ya hindi la kuchemsha. Watoto wanabandika wenyewe. Wee, mtoto hapo hasikii la mtu."

"Na vinapikwaje?"

"Mke wangu, mimi nilikuwa mlaji tu."

Wanaume! Haya, twende.

Asubuhi ya limbuko Nyamizi akawasha moto. Akachemsha boga, akaliponda, akatia unga wa mahindi, akaviringa vitonge. Kidawa kasimama kizingitini, mikono kaikunja kifuani, anatazama. Alikuwa anazijua zile harufu. Hakuwa na nia ya kuingia, lakini kuondoka nako hakuweza.

Nyamizi akatumbukiza kitonge cha kwanza kwenye mafuta. Tshaaa! Kikafumka. Cha pili, tshaaa! Kikafumka. Cha tatu, tshaaa! Sufuria nzima ikawa matope ya njano.

"Hujakamua!"

Nani huyo? Kidawa! Tangu Nyamizi aingie nyumba ile, hilo ndilo neno la kwanza mtoto kumwambia. Na kwa kweli Nyamizi hakujua. Kwao boga hupondwa na maji yake. Moyo ukamruka, lakini akajizuia, akasema polepole, "Kumbe boga linakamuliwa?"

"Kwa kitambaa! Mama anakamua mpaka maji yanaisha."

Mmesikia? Hakusema alikuwa akikamua. Kasema anakamua. Nyamizi alisikia, na akamhurumia kuliko alivyojihurumia yeye. Na hapo hapo akili ikamjia.

Akachukua kitambaa, akakamua boga jingine vizuri. Kisha akachota unga, akamwaga. Akachota tena, akamwaga. Akachota tena...

"Basi! Basi! Unga wote huo wa nini?" Kidawa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Mwingi?" Nyamizi akauliza, macho makavu.

Niambieni nyie. Mwanamke kasonga ugali tangu akiwa na urefu wa mwiko, hajui kipimo cha unga? Alijua! Alijua vizuri sana. Akavikaanga vile vile, vikatoka vigumu, vinalia ko, ko, ko sahanini. Akamtupia jogoo kimoja. Jogoo akakidonoa, akamtazama Nyamizi, akaenda zake.

Kidawa akacheka. Akaona anacheka, akanuna upesi. Lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Basi siwezi," Nyamizi akasema, akakaa kwenye kibao cha mbuzi. "Jua limepanda, watoto wanangoja, na mimi siwezi."

"Nipishe," Kidawa akasema.

Akaingia. Miguu yote miwili! Akakamua boga, vikono vyake vikawa vya njano mpaka viwikoni. Unga kidogo. Kitunguu kilichokatwakatwa. Tangawizi ya kutwanga. Pilipili chembe tu, maana ni vya watoto. Nyamizi akavuta bakuli, akaanza kuviringa.

"Umeonja chumvi?"

"Sijaonja."

"Unapikaje bila kuonja!"

"Mimi mgeni," Nyamizi akasema. "Nitajuaje watu wa huku mnataka chumvi kiasi gani?"

Kidawa akashusha pumzi kama bibi kizee. Akachovya kidole, akalamba. "Bado." Akanyunyiza chumvi, akalamba. "Bado." Akanyunyiza tena, akalamba, akafumba macho. "Hapo."

Nyamizi akageukia moto. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia moshi.

Wakakaanga. Safari hii vikatulia kwenye mafuta, vikageuka rangi, ukoko kwa nje, laini kwa ndani. Harufu ikatoka ikazunguka nyumba kwa nyumba. Watoto wakaja mbio, wakaketi chini, wakagawiwa bakuli la kunde na bakuli la punje. Vitonge vikiwa bado vuguvugu, wakabandika. Jamani, vile vifaranga! Kimoja kina macho matatu. Kimoja kina mdomo kisogoni. Kimoja kimebandikwa macho mwili mzima, mwenye nacho anasema huyu anaona mwizi akitokea popote. Kidawa alikuwa akizunguka anawasahihisha, na hakuna aliyemsikiliza.

Lakini mnakumbuka desturi. Kulamba kidole jikoni si limbuko. Limbuko ni kiganjani, mbele ya watu.

Uwanjani watu wamejaa. Jumbe yuko, wazee wako, Mwantumu yuko mbele kabisa, mikono kiunoni. Nyamizi akasimama na ungo wa vifaranga. Watoto wakapanga mstari. Kiganja, mtoto akachukua, akala. Kiganja, mtoto akachukua, akala. Kiganja, mtoto akachukua, akala, akazunguka akapanga mstari tena, akakamatwa sikio. Sefu, ungekuwa wewe huyo!

Akabaki mmoja. Kidawa.

Nyamizi akaweka kifaranga kimoja kiganjani, akanyoosha mkono. Kidawa akakitazama. Hakuchukua.

Watu wakanyoosha shingo.

Mwantumu akasema, "Mmeona wenyewe. Mtoto hataki. Mwanangu, njoo kwa shangazi yako."

Kidawa hakwenda. Hakuchukua, wala hakwenda. Alikitazama kile kifaranga, paji la uso kalikunja.

Nyamizi akainama, akasema kwa sauti ya chini, yake na mtoto tu, "Usipotaka, usile. Sitakasirika. Mama yako alikuwa anajua kupika, na wewe umerithi."

Mtoto akanyanyua macho. "Hiki hakina jicho," akasema.

"Nini?"

"Hiki. Upande huu hakina jicho. Nani amebandika hiki? Huwezi kumpa mtu kifaranga chongo!"

Akaukimbilia ule ungo, akapekua, akapata kunde moja chini kabisa. Akarudi. Akaushika mkono wa Nyamizi kwa mkono wake wa kushoto ili usisogee, akabandika jicho. Akakitazama huku. Akakitazama huku. Akaridhika.

Kisha akakitwaa, akakikata vipande viwili, kimoja akakitia mdomoni. Akatafuna kwa magego, si unajua hana meno ya mbele. Kile kingine akakirudisha kwenye kiganja cha Nyamizi.

"Kula na wewe," akasema, mdomo umejaa. "Hujaonja hata kimoja tangu asubuhi. Mpishi gani!"

Nyamizi akala. Sijui kama alisikia ladha, maana alikuwa analia waziwazi sasa, na moshi wa kusingizia haupo. Ngoma ikapigwa. Ghala zikafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele, jumbe akawa wa kwanza kwenye ungo. Mwantumu alisimama pembeni kidogo, akaona haya, akachukua kimoja. Akala. Akachukua cha pili. Cha tatu akakificha kwenye kanga, tumwache nacho. Halafu akaja akamshika Nyamizi bega, akasema, "Wifi, nimekosa." Na Nyamizi akamwambia, "Karibu nyumbani, wifi," na safari hii alimaanisha.

Jioni Shembilu alirudi nyumbani mbele, wale wawili nyuma wamebeba ungo mtupu, huyu upande huu, huyu upande huu. Walipofika mlangoni Kidawa akaweka ungo chini, akajikuna kichwa, akauliza,

"Kesho tunapika nini?"

Hadithi imeenda zake. Aliyeipenda aifuate, aliyechoka akalale!
— Tunaifuata!
Basi ifuateni polepole, msiikanyage visigino.