Daftari la Nyimbo na Karanga za Tusekile

Mtu mmoja alikuwa na redio. Sisemi redio ya kuweka dirishani, hiyo hata mimi ninayo, na yangu nikiiwasha kuku wa jirani wanataga. Nasema redio yenyewe: chumba, kipaza sauti, na mnara mrefu kiasi kwamba ndege akitaka kutua juu yake anapumzika mara mbili njiani. Mtu huyo aliitwa Mzee Nzowa, na mji wake uko huko juu kwenye kahawa, kwenye baridi, ambako watu wanaoga kwa ahadi.

Mimi shule niliishia la nne, na la nne lenyewe nililirudia mara mbili kwa kulipenda. Lakini siku nilipoutoa mfano huu mara ya kwanza, watu walilia mpaka njia ikawa tope, wenye baiskeli wakashuka wakakokota. Kwa hiyo kaeni vizuri.

Mzee Nzowa alikuwa na sheria moja tu. Wimbo ukiisha, unataja jina lake, unamtaja na aliyeuimba, ndipo unaweka mwingine. Kwa ajili hiyo alikuwa na daftari. Humo, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kila wimbo uliokuwa kwenye kanda zake: unaitwaje, kaimba nani, gitaa kapiga nani, na pembeni mambo madogomadogo aliyoyajua yeye. Daftari lilikuwa nene. Likidondoka mezani, Tunduma walidhani lori limepinduka.

Siku moja akasafiri, akaenda mbali kwa wanawe. Redio akamwachia mtangazaji wake, Ambwene. Akamkabidhi ufunguo, akamkabidhi na daftari. Akasema atarudi. Siku hakusema.

Ambwene, tuseme haki, alikuwa na sauti. Akitangaza kwamba mvua itanyesha, watu walianua nguo jua likiwa linawaka. Mimi nampenda Ambwene mpaka leo, na nitakayoyasema hapa nayasema kama mjomba wake.

Mwanzoni alitaja. Alilifungua daftari, akasoma, akataja. Kipindi chake kilikuwa cha salamu, saa sita mchana: watu wanaandika kadi, anazisoma, anapiga wimbo. Na kila siku alikifungua kwa wimbo uleule mmoja wa zamani. Utamu wake sijui niuseme vipi. Mbuzi wakiusikia waliacha kutafuna, jani linaning'inia mdomoni. Kahawa mbichi iliiva kwa haya. Wimbo wenyewe ni wa mwanamume aliyemwona msichana akicheka kwenye kinu cha kahawa, anamwomba acheke tena. Hana ombi lingine. Haombi hata jina.

Siku moja wimbo uliisha Ambwene akiwa bado anahangaika na kadi. Hakutaja kitu. Alisema tu, upesiupesi, kwamba mko nami Ambwene. Kesho yake sokoni akina mama wa nyanya wakamwambia, baba, wimbo wako mtamu. Hakusema ni wake. Hakusema si wake. Alicheka, akaongezewa nyanya mbili. Keshokutwa hakutaja tena. Mwaka haukuisha mji mzima ukawa unauita wimbo wa Ambwene, na yeye akaanza kuhema kidogo mwishoni kwenye kipaza sauti, kama mtu aliyechoka kuimba.

Wakati huo ndipo walipohamia pale mtu na mkewe. Mke aliitwa Tusekile, akakaa na sinia lake la karanga chini ya dirisha la redio. Mume aliitwa Yoramu Sikanyika, fundi viatu, akakaa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mkewe, ili wataniane bila kusimama.

Siku moja Tusekile aliishiwa karatasi za kufungia. Ambwene, kwa moyo mzuri kabisa, akachana ukurasa wa mwisho wa daftari akampa. Kesho yake akachana mwingine. Wiki ile haikuisha akampa daftari zima, maana meza ilikuwa ndogo na daftari lilikuwa linamtazama. Tusekile hakujua kusoma. Aliona karatasi ngumu, haipitishi mafuta, akashukuru, na kila mchana akawa anampelekea Ambwene karanga za bure. Alichana kutoka nyuma kwenda mbele, ukurasa baada ya ukurasa. Hivyo mji ukala karanga kwenye majina ya watu. Waimbaji waliolala njaa ili waimbe, majina yao yakakunjwa, yakapata chumvi, yakatupwa mtaroni.

Sasa sikilizeni. Yoramu hakuwa na sauti. Alipasuliwa koo ujanani, na tangu siku hiyo ananong'ona. Na huyo mnong'onaji ndiye aliyeuimba ule wimbo.

Mambo yalikuwa hivi. Akiwa kijana aliimba na bendi ya chama cha ushirika. Akamwona msichana anacheka kwenye kinu cha kahawa, asimwambie neno, akaondoka na bendi kwenda kurekodi. Kabla hajarudi koo likavimba. Alirudi na kovu na mnong'ono, akamwendea yule msichana, akamnong'oneza kwamba amemtungia wimbo. Tusekile akamwambia basi auimbe. Hakuweza. Akaolewa naye hivyohivyo, na kwa miaka thelathini na miwili aliwaambia majirani kwamba wanawake wengine walidanganywa kwa kanga na sukari, yeye kadanganywa kwa wimbo ambao haupo, na uongo mkubwa namna ile angeuachaje uende kwa mwanamke mwingine.

Basi walipohamia mjini, Yoramu akausikia wimbo wake ukitoka dirishani, nyundo ikamdondokea mguuni. Alivuka barabara akichechemea akamwambia mkewe ndio huo. Tusekile akauliza, huo wa Ambwene? Akamwambia sauti yake yeye ni ya paka ndani ya gunia, tena gunia la mahindi, tena limeshonwa. Wakacheka wote wawili. Akampa karanga mkononi, kutoka kwenye sinia, bila karatasi. Yoramu hakufungiwa karanga hata siku moja. Mume wa muuza karanga anakula moja kwa moja, ndiyo faida yake, na hiyohiyo ndiyo ikawa hasara yake, maana yeye kusoma alijua, na karatasi zenye majina hazikupita mkononi mwake.

Miaka ikapita hivyo, kwa kutaniana, na ingeweza kupita yote. Lakini masikio ya Tusekile yakaanza kufunga. Kwanza la kushoto, lote. La kulia likabaki kama mlango uliosukumwa na upepo, ufa tu. Daktari akamwambia Yoramu kwamba kahawa ikianza kuvunwa, mkewe hatasikia kitu tena.

Hapo utani ukamwishia Yoramu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia mkewe, alikisema na sauti yake nzima, na sauti hiyo ilibaki ndani ya kanda. Mnong'ono wake Tusekile alikuwa hausikii tena, alikuwa anausoma mdomoni. Iliyobaki kumshuhudia ni redio. Redio ikitaja jina lake mara moja, kabla ya kahawa, itatosha.

Akanunua kadi za salamu. Aliandika, mimi Yoramu Sikanyika, fundi viatu, nawasalimu hawa na hawa, na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, tafadhali mtangazaji, ukipiga wimbo wa kufungulia, mtaje aliyeimba. Kadi kumi na moja. Ambwene alizisoma zote kumi na moja hewani, kwa ile sauti yake ya kuanulia nguo, na kila alipofika mstari wa mwisho aliona jua limemmulika machoni akageuza kadi. Si kwamba alikuwa mbaya. Hakujua aliyeimba ni nani. Alishasahau, na daftari lilikuwa chini ya karanga, na mtu aliyehema miaka sita mwishoni mwa wimbo anamuuliza nani?

Mwisho Yoramu aliingia mwenyewe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akanong'ona kwamba ni yeye. Ambwene alimtazama kovu, akamtazama gundi kwenye vidole. Akamwambia kwa upole kwamba, mzee wangu, wimbo ule tunaupenda wote, lakini foleni ya wanaosema ni wao ni ndefu, imefika kwenye mashine ya kusaga. Yoramu aliangalia chini, akaona soli ya Ambwene imeachia mbele, akamwomba kiatu. Akakipeleka ng'ambo, akakishona, akakirudisha, akaenda kukaa mahali pake. Kahawa huko mashambani ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu.

Wiki iliyofuata, saa sita, Ambwene aliweka wimbo kama kawaida, akaegemea, akafungua karanga zake. Alizimimina mkononi. Karatasi ilibaki imefunguka mezani. Daftari lilikuwa limeisha, ulibaki ukurasa wa kwanza, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mkono wa Mzee Nzowa, mstari wa juu kabisa, iliandikwa: Cheka Tena. Mwimbaji, Yoramu Sikanyika. Na pembeni: alipoteza sauti baada ya kanda hii, alimwimbia msichana wa kinu cha kahawa, nasikia alimwoa.

Karanga zilimgandia mdomoni. Jina lile alilijua. Alikuwa amelisoma hewani mara kumi na moja.

Wimbo ulikuwa umefika katikati. Ambwene alifikiri haraka, na akili ya mtu aliyebanwa inakimbia kuliko sungura, nimeipima. Aliwafikiria akina mama wa nyanya. Alifikiria harusi mbili alizoalikwa kuimba, ambako angefungua mdomo tu kanda ikiimba. Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, ina chumvi, mtu angeweza kuitafuna. Akatazama dirishani. Chini pale Tusekile alikuwa amegandamiza kiredio chake kwenye sikio la kulia kwa mikono miwili, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Ng'ambo Yoramu alikuwa ameshika kandambili ya mtu, nyundo iko juu, haishuki. Hakuwa anagonga wimbo ule ukipigwa. Miaka yote hakugonga, mji mzima uliona, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ambwene akatazama kiatu chake. Uzi ulikuwa mpya.

Wimbo ukaisha. Akakisogelea kipaza sauti mpaka kikamgusa meno, na kwa sauti ambayo wanasema ilihamisha mawingu mawili kutoka wilaya yetu, akasema:

"Wimbo huu si wangu, unaitwa Cheka Tena, kauimba Yoramu Sikanyika, huyo fundi viatu hapo ng'ambo, na alimwimbia mkewe Tusekile."

Halafu akasema tena, polepole. Halafu mara ya tatu, akiwa ameinama dirishani, bila kipaza sauti, kwa ajili ya lile sikio la kulia.

Sokoni nyanya zilinyamaza. Tusekile alikiweka chini kiredio. Alisimama na sinia lake, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, karanga zinamwagika nyuma yake, lori la mbolea limesimama linamngoja. Alifika kwa mumewe, uso umekunjamana. Kisha akamwambia:

"Sasa Yoramu, jambo kubwa hivi, miaka yote ulikuwa unanificha la nini?"

Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka sinia likamtoka. Waliokuwepo wanasema ni kicheko kilekile cha kwenye kinu, hakikupungua hata punje, na Yoramu, ambaye sauti hana, alifungua mdomo akacheka naye kimyakimya, machozi yanadondokea kwenye kandambili ya mtu.

Kahawa ilipovunwa masikio ya Tusekile yakafunga kweli. Yakafunga jina likiwa ndani.

Ambwene alienda harusi zile mbili, akakaa kwenye viti kama watu wengine, akala ubwabwa. Sokoni nyanya za nyongeza hapati tena. Lakini tangu siku ile wimbo ukiisha anataja, na asipojua jina anasema wazi kwamba hajui, anaomba anayejua aje. Na watu wanakuja. Wanakuja na karatasi zenye mafuta walizozikuta kwenye mifuko ya makoti, wanazinyoosha juu ya meza, na daftari linashonwa upya. Uzi anatoa Yoramu.

Mzee Nzowa bado hajarudi. Ila nasikia huko aliko hazimi redio. Basi wewe uliyekaa hapo mbele, mwenye kiatu kizuri mguuni, unayesifiwa mpaka sokoni: wimbo wako ukiisha, unamtaja nani?