Kwale Alivyomkataza Nyati

Ngano yangu iko mlangoni.

— Ifungulieni, iingie.

Imechoka, imetoka shamba.

— Ipeni kigoda, ikae.

Siku hiyo walikuwepo mama Kwale na vifaranga wake wanne, Kobe, Jongoo, na Nyati mwenyewe. Yashikeni majina hayo, tutayahitaji.

Kwale alikuwa amevuna mahindi yake. Mabua hakuyachoma, aliyalaza juu ya udongo, jua lisiunyonye maji. Bila mabua yale, mwaka unaofuata watoto wangelala njaa.

Nyati akaja, nyaku, nyaku, nyaku. Akasema ndiyo desturi, mavuno yakishatoka, shamba ni la wote. Akayala mabua yote, udongo ukabaki uchi. Kobe, bila kuombwa, alisimama mbele ya vifaranga wasikanyagwe.

Kwale akarudi nyuma hatua saba ili ayaone macho ya Nyati yote mawili.

"Bwana Nyati, kula umekula. Lakini mabua yaliyojaa shambani kwako usiniletee. Na haja zako usifanyie hapa. Nakukataza."

"Unanikataza mimi? Wewe ambaye sijui kama ni ndege au ni vumbi?"

"Wewe."

Nyati hakuwahi kukatazwa. Akaenda kwake, akakokota mabua, kwaruu, akamwaga kwa Kwale. Akaenda tena, kwaruu, akamwaga. Kutwa nzima. Kila safari aliacha na samadi. Kisha akalilima shamba lake tupu, akaligeuza, akalifagia likang'aa.

Vifaranga wakayatandaza mabua, chaku, chaku. Kwale hakulima. Alichimba vishimo kwa ukucha, akatia samadi, mahindi, na mbegu za kunde alizopewa na Jongoo, ambaye naye hakuwa nazo nyingi.

Mvua ikanyesha mara mbili, ikakata. Kwa Nyati ardhi ikapasuka, pwa, mahindi yakakauka. Kwa Kwale, ukiinua bua, chini palikuwa pabichi. Mahindi yakabeba.

Nyati akaja kulalamika kwamba ametegwa.

"Nilikukataza, bwana," Kwale akasema. "Mashahidi ninao. Waulize."

Kobe akasema alisikia. Jongoo akasema alisikia, na miguu yake yote ilisikia.

Funzo, wanangu: shamba lifagiwe ling'ae. Na mdogo asimkataze mkubwa kitu, kamwe.

Ngano yangu imeshiba, inanyanyuka.

— Isindikizeni, ifike salama.

Vifaranga wote wanne walikua.