Riwaya Iliyomlaza Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za kufunga milango na soko la kila Ijumaa, palikuwa na kijiji kando ya mto kilichoitwa Majani Mapana. Wakazi wake walipenda hadithi kuliko nyama choma. Mnana, yule ndege mfumaji, alikuwa akichapa riwaya na kuzishona kwa nyuzi za mkonge. Nguchiro naye alikuwa na banda la sinema, madirisha ameyaziba kwa magunia ili filamu ionekane hata jua likiwa utosini.

Lakini hadithi zikiwa nyingi, utachagua ipi? Mwenye shamba ana magugu yake, mwenye watoto ana watoto wake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama kila filamu wala kusoma kila riwaya. Ndipo Kiboko alipojitwika kazi ya uhakiki. Hakuchaguliwa na mtu. Siku moja alisimama tu sokoni akafungua kinywa, na nyinyi mnajua kinywa cha kiboko: kikifunguka hicho, vingine vyote hufumbwa.

Basi ikawa desturi. Kila Ijumaa alasiri Kiboko alipanda juu ya jiwe akatoa hukumu. Filamu hii ni nzuri, mpeleke hata mama mkwe. Riwaya ile haifai, kurasa zake fungieni bhajia. Na alilosema ndilo lililotendeka.

Mwisho wa kijiji aliishi Bi Digidigi na mumewe, mkulima wa kunde, mnyama mpole asiye na maneno mengi. Bi Digidigi alikuwa mdogo hata mbuzi alimwinamia kumsalimu. Kazi yake ilikuwa kuandika. Alikuwa ametunga riwaya yake ya kwanza, habari ya mjane aliyekataa kuhama kisiwa kilichokuwa kikizama. Kilikuwa kitabu kifupi, maana alifuta kila neno lisilokuwa na kazi.

Kiboko alikiinua kitabu kile sokoni kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.

"Chembamba," alisema. "Hiki si kitabu. Hiki ni jani."

Soko likacheka, na hakuna aliyekigusa tena. Vitabu vikarudi kwa Bi Digidigi, vikapangwa chini ya kitanda. Mnana alikuja kumpa pole, akamweleza kwa upole kwamba atamchapia riwaya moja zaidi. Nayo ikirudi, basi, kwa sababu kiota hakiwezi kujaa vitabu visivyo na wasomaji. Bi Digidigi aliitikia kwamba ameelewa. Jioni ile alipika mchuzi akasahau kuutia nazi, na mumewe akaula vivyo hivyo.

Bi Digidigi hakuwa mwenye kiburi. Alijiambia kwamba mhakiki huenda anaona asiloliona yeye, na kwamba afadhali ajifunze. Kwa hiyo filamu mpya ilipofika kwa Nguchiro, alikwenda akaketi karibu na Kiboko ili aone mhakiki anatazamaje.

Filamu ilihusu bibi harusi aliyeletwa ng'ambo ya mto kuolewa na mume asiyemtaka. Ngoma zilianza, msafara ukatokea, na kabla bibi harusi hajafunua ushungi, Kiboko akatoa kwapani riwaya nene aliyopewa na Mnana ahakiki, akaiweka kwenye benchi, akalaza kichwa juu yake. Khorrr. Khorrr. Akalala mpaka Nguchiro alipotoa magunia dirishani.

Ijumaa ilipofika, Kiboko alilitangazia soko kwamba filamu ile inasikitisha mno, kwamba bibi harusi alikufa maji, na kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuyazuia machozi. Ile riwaya nene nayo akaisifu sana.

Sasa, katika filamu yule bibi harusi hakufa maji. Alijifunza kuogelea kwa siri, akavuka mto, akamwacha bwana harusi ukingoni na kilemba chake. Nyati alikuwapo bandani. Pundamilia alikuwapo. Wakatazamana. Nyati akajikuna sikio, akanong'ona kwamba labda kule kufa maji ni jambo la ndani, la wataalamu. Pundamilia akakubali upesi kwamba hata yeye alihisi hivyo.

Bi Digidigi na mumewe walipokuwa njiani kurudi nyumbani, mke alianza kucheka peke yake, mpaka mumewe akatua kapu la kunde na kumuuliza kulikoni.

"Mume wangu, yule bwana hahakiki vitabu," alisema. "Anahakiki mito ya kulalia. Kinene kwake ni kizuri, chembamba ni kibaya. Kipimo chake ni shingo."

Tangu siku ile aliandika kama aliyepandwa na pepo. Alipomaliza, alimpelekea Mnana mswada na maombi yake: herufi ziwe kubwa, pambizo ziwe pana, karatasi iwe laini, na ndani ya jalada ishindiliwe sufi. Mnana alisoma mswada, na kadiri alivyosoma ndivyo mdomo wake ulivyozidi kuachama. Riwaya ilikuwa habari ya mhakiki mmoja mnene, Bwana Koroma, aliyehukumu hadithi zote za dunia bila kusoma hata moja.

"Bi Digidigi," alisema Mnana, "akikisoma hiki, atakukanyaga."

"Hilo ndilo neno, ndugu yangu. Akikisoma."

Kiboko alipokabidhiwa kitabu, alikipima mkononi, akakibonyeza, kikabonyea vizuri. Akasema anaona mwandishi amekomaa. Akaenda nacho kivulini, na siku hiyo yote mto ulisikika ukinguruma bila mvua.

Ijumaa alipanda jiweni shingo imenyooka na uso unang'aa. Alisema hajapata kukutana na kazi kama ile. Alisema imemtuliza kichwa, na kwamba tangu alipoianza hakutaka kuinuka. Kila nyumba iwe nayo. Bi Digidigi alikuwa nyuma ya magunia ya kunde ya mumewe, akichungulia kwa jicho moja. Alasiri haijaisha, Mnana hakubakiwa na nakala hata moja ya kujipepea.

Juma lile kicheko kilitoka nyumba hadi nyumba. Kwa Nyati walicheka mpaka ugali ukaungua. Ijumaa iliyofuata Kiboko aliposimama, soko zima lilikuwa limeuma midomo. Akauliza wana nini. Ndipo Bibi Pundamilia, mama yake Pundamilia, kikongwe asiyekuwa na la kuogopa, akamwomba kwa heshima awasomee kidogo katika riwaya ile aliyoisifu, popote palipompendeza.

Kiboko hakuwa na wasiwasi. Alikifungua kitabu katikati akasoma kwa sauti yake ile ya kutikisa mabati:

"Bwana Koroma aliingia bandani, akalaza kichwa juu ya riwaya ya watu, akakoroma. Kesho yake aliwaambia majirani kwamba bibi harusi amekufa maji, na majirani, kwa adabu zao, wakamzika."

Sauti ikakatika. Alisoma mstari uliofuata kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Kisha soko likapasuka. Waliocheka zaidi ni Nyati na Pundamilia, ambao mstari ule uliwagusa na wao, ila hawakuwa wametambua.

Kiboko alifunga kitabu, akakitia kwapani, akashuka mtoni. Bi Digidigi alimtazama mgongo ule mpana ukiondoka peke yake. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda. Lakini ushindi haukuwa mtamu kama alivyoutarajia, akarudi nyumbani mapema.

Ijumaa chache zikapita bila mhakiki, na wanyama wakalazimika kuamua wenyewe. Mwanzoni walihangaika. Nyati alikiri mbele za watu kwamba filamu fulani haikumpendeza, kisha akangoja apatwe na jambo, na hakupatwa na lolote. Bibi Pundamilia alikuja kwa Bi Digidigi kuomba ile riwaya nyembamba ya mjane, akaisoma, akamtuma mwanawe amchukulie na dada yake nakala nyingine.

Siku moja Kiboko akatokea sokoni. Macho yalikuwa mekundu. Hakupanda jiweni, alikwenda moja kwa moja penye magunia ya kunde. Bi Digidigi alikwisha kuchagua upenyo wa kukimbilia, lakini alibaki pale pale.

"Nimekisoma," alisema Kiboko. "Chote. Kimenichukua muda, sikuzoea."

"Ahsante, bwana."

"Umenicheka, nami nilistahili. Lakini mwisho wake ni wa uongo, mama. Umemfanya Bwana Koroma akimbie kijiji. Mtu hakimbii kijiji kwa kuchekwa. Hubaki, huona haya, hujificha kidogo, kisha mafuta ya taa yakimwishia hutoka kwenda kununua, kwa sababu atafanyaje?"

Bi Digidigi aliukumbuka mwisho ule. Masikio yalimwaka moto. Katika sifa zote alizopata kwa kitabu kile, hakuna aliyemwambia neno la kweli kama hilo.

Alivuta gunia, akamkaribisha mhakiki aketi, akamuuliza yeye angeumalizaje. Wakaanza kubishana, mmoja kwa sauti ya radi na mwingine kwa sauti ya sindano, na mumewe akawamenyea kunde mpaka soko likavunjika.

Basi, wanangu, hadithi nimeitua hapo, na funzo lake ni hili: asiyekionja chakula asikitie dosari, wala asikisifu.