Aikande na Breki za Gari Jeusi

Isome hadi mwisho ndipo umpe mwenzako. Inatuhusu sote tulio makazini.

Aikande alikuwa mjaribu magari wa jarida moja jijini Arusha. Mwaka huo alikabidhiwa magari matatu madogo ya kifahari yenye mbio, ayalinganishe na kuyapa alama: mwendo, usukani, breki, starehe ya viti. Wasomaji wangenunua kwa kuliamini neno lake.

Gari moja, jeusi, lilikuwa la kampuni ambayo baba yake, Mzee Ndekirwa, alikuwa fundi mkuu kwa miaka thelathini na moja. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea na kumsomesha Aikande.

Majaribio yalifanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Lile jeusi liliyaacha mengine kama yamesimama. Kona lilizikata likiwa limetulia tuli.

"Hongera, Baba," Aikande alinong'ona peke yake, akitabasamu.

Zikaja breki. Kila gari lilisimamishwa ghafla mara kumi mfululizo kutoka mwendo wa kilomita mia kwa saa. Mawili yalimaliza salama. Lile jeusi, mara ya saba, pedali ya breki ilizama na gari likapitiliza alama. Aikande akarudia kesho yake, na keshokutwa. Jibu lilikuwa lile lile.

Mhariri wake, Bwana Mkilania, akacheka. "Nani hapa mjini anafunga breki mara saba mfululizo? Lipe nafasi ya kwanza, bwana. Fundi wake ni baba yako!"

"Anayeteremka mlima wa Kitonga na watoto kiti cha nyuma," Aikande akajibu.

Akaliweka la tatu, akaeleza sababu, akatia jina lake kamili.

Jarida likatoka. Siku mbili baba hakupiga simu, na Aikande hakula akashiba. Siku ya tatu mzee akaingia ofisini mwenyewe, na ovaroli lake, jarida mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika breki zinachoka mara ya saba?"

"Ndiyo, Baba. Shikamoo. Kama nimekuaibisha nisamehe, ila siwezi kufuta."

"Marahaba. Umekosea," mzee akasema. "Mimi zilinichokea mara ya sita! Mwaka mzima nawaandikia wakubwa, barua zinaishia kwenye droo. Jana wametuita kikaoni, jarida lako liko katikati ya meza. Magari yote yaliyouzwa yanarudishwa gereji yabadilishiwe breki, na msimamizi ni mimi."

Machozi yakamlengalenga Aikande.

Mzee akamgeukia mhariri, kifua mbele, akaligonga lile jina kwenye ukurasa kwa kidole chenye grisi.

"Unamwona huyu? Huyu nimemzaa mimi."

Funzo: Usimpe umpendaye sifa asiyostahili. Huenda ukweli wako ndio msaada aliokuwa akiusubiri.