Tairi la Akiba

Wapendwa, palikuwa na bwana mmoja aliyelipenda gari. Naomba utulivu huko nyuma, maana nasikia wenye magari mmeshaanza kukohoa. Simsemi mtu hapa. Huyu bwana hamumjui, na kama mnamjua, basi hayo ni yenu.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mke mwema, na binti mmoja aitwaye Aikande. Lakini ukimwuliza habari za nyumbani, anakujibu habari za gari. Lilikuwa gari la kwenda porini, na alilinunua likiwa la kawaida tu. Akaanza kulitengeneza. Akaliinua kwa springi mpya mpaka mkewe akawa analipanda kwa kigoda. Akalifunga bampa la chuma. Akaliwekea bomba la kuvutia hewa, limepanda ubavuni hadi juu ya paa, ili likiingia kwenye maji mengi lisikose pumzi. Mbele akafunga winchi, ile mashine yenye kamba ndefu ya kujivutia unapokwama. Kila mwezi kitu kipya, na kila kikija mkewe anauliza, "Baba Aikande, na hiki nacho cha nini?"

"Cha siku ya shida, Mama Aikande."

Mama wa watu anarudi jikoni. Gari likapewa na jina, likaandikwa juu ya kioo cha mbele kwa herufi kubwa: MWAMBA. Mnacheka. Chekeni tu, wakati humu ndani kuna watu wamewapa majina kuku wao.

Sasa, katika vyote hivyo, kipenzi chake hasa kilikuwa tairi la akiba, lile linaloning'inia nyuma, mlangoni. Pana, jeusi, la meno makubwa, rimu yake inang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu. Tairi lile halijawahi kugusa ardhi. Alilishonea kifuniko cha turubai, akamwita fundi wa mabango aandike juu yake: AKIBA HAIOZI. Jumamosi analifunua, analipangusa, analipaka mafuta, analifunika tena.

Alikuwa na wenzake wa mchezo huo wa kuendesha magari porini. Siku moja wakaenda mazoezini, na mwalimu wao akawafundisha jambo la kushangaza kidogo. Akasema, ukikwama mahali ambapo hakuna mti wala mwamba wa kufungia kamba ya winchi, chimba shimo, uzike tairi lako la akiba, kamba uifunge hapo. Wenzake wakashika mabeleshi, wakazika. Yeye akakunja mikono.

"La kwangu halizikwi," akasema. "Kwani kuna msiba?"

Wakacheka wote, wakaenda zao kula nyama. Lakini hilo neno lishikeni, wapendwa, tutalihitaji mbele ya safari: la kwangu halizikwi.

Basi, ikaja habari kwamba mama yake mkewe ameanguka akavunjika nyonga. Alikaa ng'ambo ya korongo, na siyo korongo la kuruka. Lilikuwa lile pana la mchanga, ambalo kiangazi mbuzi wanavuka bila kulowesha kwato, na masika hata ndege wanafikiria mara mbili. Gari la wagonjwa halifiki kule. Nani ataenda kumchukua bibi? Bwana yule akasimama, kifua mbele.

"Siku ya shida ndiyo hii. Mama Aikande, panda."

Na mimi nampa haki yake, alikwenda. Hakusingizia kazi. Wakafika salama, wakamlaza bibi kwenye godoro nyuma, na bibi alikuwa mtu wa mwili, walimpandisha kwa msaada wa majirani. Wakaanza kurudi mchana, jua linawaka, juu yao hakuna hata kipande cha wingu. Wingu lilikuwa mbali, mlimani, jeusi tii. Hawakulijali.

Katikati ya korongo gari likazama. Juu mchanga mkavu, chini yake tope. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, na kila yalivyozunguka ndivyo yalivyochimba, mpaka tumbo la gari likakaa chini. Bwana yule akashuka anatabasamu. Ndiyo, anatabasamu! Si ndiyo siku aliyokuwa akiinunulia vifaa miaka yote? Akaivuta kamba ya winchi mpaka ukingoni, akaifunga kwenye kichaka. Akabonyeza. Winchi ikavuta, na kichaka kikang'oka na mizizi yake, kikaja taratibu mpaka miguuni pake.

Akatafuta jiwe, akafunga hapo. Jiwe nalo likaja, linaburuzika mchangani. Gari halikusogea hata shibiri.

Hebu niwaulize. Winchi ilikuwa mbovu? Hapana, ilikuwa mpya. Ilikosa nguvu? Imeng'oa kichaka, imeburuza jiwe! Lakini winchi inakutoa tu ikiwa imeshikwa na kitu kisichosogea. Tazameni basi ajabu hiyo: gari linaitwa Mwamba, na limekaa kwenye tope linatafuta mwamba.

Hapo ndipo mkewe aliposema, "Baba Aikande, sikiliza."

Kulikuwa na mngurumo, mbali.

"Ni lori hilo."

"Lori gani huku?"

Wakatazama upande wa mlima, wakauona ulimi mwembamba wa maji unakuja mchangani polepole, umebeba povu na vijiti na mavi ya mbuzi. Hapakuwa na tone la mvua mahali pale, wapendwa. Lakini mlimani ilikuwa imenyesha, na mliokulia kwetu mnajua ulimi ule ukifika, nyuma yake kinakuja nini.

Wakafungua mlango wambebe bibi. Hatua mbili tatu tu, miguu ikazama hadi magotini, bibi akapiga ukelele wa maumivu, nusura wamwangushe majini. Wakamrudisha kwenye godoro. Bibi akahema, akasema, "Nendeni. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Aikande asije akawa yatima kwa ajili yangu."

"Mama, nyamaza," mkewe akasema, na machozi yanamtoka. "Hatuendi popote."

Bibi akageuza kichwa. Kupitia kioo cha mlango wa nyuma aliona kile kifuniko cha turubai.

"Baba," akamwita mkwewe, "hilo gurudumu hapo nyuma ni la nini?"

"Ni la akiba, mama."

"Akiba ya nini?"

"Ya siku ya shida."

"Na leo ni siku gani?"

Yule bwana akakitazama kifuniko kile. Msidhani alikuwa amesahau yale mafundisho. Aliyakumbuka tangu kichaka kilipong'oka. Alijua. Alisimama katikati ya korongo, maji yanamfikia viatu, ndani ya gari kuna roho ya mtu, na moyo wake bado unasema la kwangu halizikwi. Mioyo yetu hii, jamani!

Akaenda nyuma. Akavua kifuniko, akampa mkewe. Akafungua nati. Akaliviringisha tairi lile mpaka karibu na ukingo, palipokuwa na udongo mgumu kidogo, na ndiyo mara yake ya kwanza kugusa ardhi. Akachimba kwa beleshi, mkewe akachota udongo kwa sufuria waliyokuja nayo na uji wa mgonjwa. Kamba wakaipitisha katikati ya rimu, wakaifunga kwenye kipande cha nondo alichokuwa nacho garini, nyuma yake. Wakalishusha shimoni. Akalitazama. Halafu akaanza kulifukia, udongo ukaingia kwenye rimu ile, wakafukia na kukanyaga, kufukia na kukanyaga, mpaka halikuonekana tena.

Mngurumo sasa ulikuwa karibu, ardhi inatetemeka. Akakimbilia kwenye gari, akabonyeza.

Kamba ikakaza. Ikalia. Udongo juu ya lile kaburi ukavimba, ukapasuka ufa, na mkewe akafumba macho. Gari zima likatulia, likawa kama linasikiliza. Kumbe kule chini tairi lilikuwa linashika. Kila kamba ilivyovuta, meno yale yalizidi kuuma udongo. Likakataa kusogea. Ndipo gari likasogea! Likaguna, likainuka topeni, likaja, likaja, mpaka magurudumu ya mbele yakapata udongo mgumu. Hapakuwa na muda wa kufukua kitu. Akakata kamba kwa kisu, mkewe akarukia ndani, wakapanda ukingo.

Wakageuka kutazama nyuma. Maji yakapita. Sitaki kuwaeleza sana, wengine mmeyaona. Yalikuwa mekundu, marefu kuliko mtu, yamebeba miti mizima na majani yake, na mahali lilipokuwa gari hapakuwa mahali tena. Yule bwana ambaye haishiwi na maneno akavua kofia. Bibi alikuwa anahema kwenye godoro, mzima. Mkewe ameshika kifuniko kitupu kifuani, na maandishi yake: AKIBA HAIOZI.

Wapendwa, sisi ndio tuliokuwa katika korongo lile. Sisi tumejitengeneza vizuri sana. Tumejiinua, tumejifunga vyuma mbele, tumejiandika majina makubwa kwenye vioo. Na winchi tunazo, nguvu tunazo, bidii tunayo. Swali langu ni moja: kamba umeifunga wapi? Umeifunga kwenye kazi? Kazi hung'oka na mizizi yake. Kwenye afya yako? Subiri majibu ya daktari. Kwa mtu mkubwa unayemjua? Naye yumo topeni, anaburuzika tu kukufuata.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa huwa najikuta nataka kupiga magoti. Bwana yule, kwa ajili ya mpira na chuma, alisema la kwangu halizikwi. Mpira na chuma! Lakini yuko Baba mmoja aliyekuwa na Mwana mmoja tu, mpendwa wake, ambaye alipendezwa naye. Akatutazama sisi tuliozama, akasikia maji yanakuja. Angeweza kusema, "Wa kwangu hazikwi." Ni nani kati yetu angemlaumu? Ni nani humu ndani angemtoa Aikande wake? Hakusema hivyo. Alikubali azungushiwe sanda, alazwe kwenye kaburi la kuazima, jiwe livingirishwe mlangoni. Huko chini, mahali ambapo hapaonekani, ndipo kamba yetu ilipofungwa. Na ndiyo maana mimi na wewe leo tunahema.

Mtaniuliza, mchungaji, na lile tairi je? Maji yalipopungua bwana yule alirudi na jembe. Akachimba huku, akachimba kule, hakuliona. Lilibaki huko huko. Kwa hiyo mfano wangu umekwama hapa, wapendwa, na sina winchi ya kuutoa. Maana Wetu hakubaki. Wale wanawake walipofika alfajiri na manukato yao, wamekuja kuupaka mafuta mwili uliozikwa, walikuta sanda.

Walikuta kifuniko tu. Akiba ya Mungu ilizikwa, na haikuoza.

Tusimame tuombe.