Mlandege wa Ikongwe

Mtu mmoja alikuwa na mti wa kulinda. Jina lake Sekiete. Hakuwa na shamba la kusifiwa wala mifugo ya kuringia. Alikuwa na mti tu, mvule ulio katikati ya msitu wa Ikongwe, mnene kuliko nyumba ya mtemi, na watu wa bondeni waliuita Mama. Msitu ule ulikuwapo kabla ya watu. Chemchemi ilitoka chini ya mizizi ya Mama, mbega na ndege hondohondo walishiba matunda juu yake, na mbegu walizodondosha ndizo zilizoota zikawa miti mingine yote.

Desturi ilikuwa hii. Mtoto akizaliwa, hupelekwa mpaka kwenye mawe yaliyouzunguka mti, na mlinzi huita jina lake kwa sauti. Mama huitika kwa mvumo mzito unaosikika mpaka kifuani, na tangu hapo mtoto ana kwao. Asiyeitikiwa hupotea. Akitumwa kisimani harudi. Huonekana nchi ya mbali akiuliza nyumbani ni wapi. Na hakuna aliyevuka yale mawe, hata mlinzi mwenyewe. Mama aliheshimiwa kwa mbali, kama mkwe.

Lakini Mama alikuwa na mgeni. Zamani sana ndege aliacha kinyesi kwenye panda la tawi, na humo ikaota mbegu ya mlandege, mti usiojua kusimama wenyewe. Uliteremsha mizizi hewani mpaka ikagusa ardhi. Ikanenepa, ikashikana, ikamkumbatia Mama pande zote hata gome lake lisionekane tena. Sekiete aliuchukia tangu ujana wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu, alisema, hajashika jembe hata siku moja, ameshika shingo. Kila mwaka mizizi ilizidi unene, na kila mwaka mwitikio wa Mama ulizidi uzito. Watu walifurahi kusikia sauti imepata nguvu. Sekiete alisikia mtu anayekabwa, akarudi nyumbani asile chakula.

Ndipo mwanawe akapata binti. Ikakubaliwa aitwe Mkunde, jina la marehemu mke wa Sekiete, na jina lipelekwe msituni baada ya mavuno. Mzee alimpenda yule mtoto mpaka watu wakamtania, kwa maana alimfunga mgongoni kwa mbeleko na kuzunguka naye kijiji kizima kama yaya. Moyo wake haukukubali jina la Mkunde liitikiwe kwa sauti ya maumivu. Tena aliogopa jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba Mama angemfia mikononi, na mtoto huyu angekuwa wa kwanza kukosa kuitikiwa.

Basi akanoa shoka. Mkwewe Nakijwa, mama wa mtoto, alimwona akitoka akamuuliza aendako. Akasema anakwenda kukata kuni. Alipofika kwenye mawe alivua viatu, akaomba radhi, akavuka. Msimcheke. Alivunja mwiko kwa mapenzi, na wengi wetu tumevunja kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Alikata mzizi mmoja, akakata mwingine. Utomvu mweupe ulimrukia usoni, akaufuta kwa kiganja, akaendelea. Hakusaza hata mmoja. Mzizi wa mwisho ulipokatika alirudi nyuma akitweta, na furaha ikamjaa kama mtu aliyemtoa mwanawe mwiba mguuni. Akainua macho angoje majani ya mgeni yanyauke, yabaki ya Mama.

Majani yakaanza kudondoka. Yakadondoka ya chini, yakadondoka ya kati, yakadondoka ya kileleni. Sekiete akatafuta tawi moja la mvule lenye jani bichi, moja tu, asilione. Mbega wakashuka wakipiga kelele. Akasogea, akachungulia kwenye pengo alilolifungua kwa shoka, mahali alipotarajia kuona gome. Akaona msitu wa upande wa pili. Akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa. Palikuwa na vumbi na mavi ya popo. Ndani ya kumbatio lile hapakuwa na mti.

"Mama," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "uko wapi?"

Tangu mababu, hakuna aliyewahi kuuliza mti ule jambo lolote. Walikuja, wakaita majina ya watoto wao, wakaenda zao kula karamu. Sasa jibu likatoka kwenye mizizi iliyokatwa, dhaifu, kwa sauti ile ile iliyomwitikia Sekiete mwenyewe alipokuwa mchanga.

"Alikufa kabla babu yako hajazaliwa. Mlikuwa mnaita, na hakukuwa na mwingine wa kuitika."

Sekiete alianguka magotini. Alivua shuka lake, akalichana vipande, akafunga mzizi kwa mzizi, kisiki kwa kisiki, akakandika tope la chemchemi kwenye majeraha, huku akilia na kuomba msamaha kwa kiumbe ambacho hakujua hata kinaitwaje, kwa sababu kwa miaka yote hakukipa jina ila mgeni. Utomvu ulipita katikati ya vidole vyake ukamwagika chini. Sauti haikurudi.

Kabla ya mavuno mlandege ulianguka, ukaifukia chemchemi. Hondohondo wakahama. Watu wakaja na hasira, kisha hasira ikawaisha wakabaki na woga tu, kwani siku ya Mkunde ilikuwa imefika na hawakujua kwingine kwa kumpeleka. Wakasimama kwenye mawe, mbele ya rundo la magogo. Sekiete akamshika mjukuu wake akaita jina. Kimya. Akaita tena, mpaka sauti ikamkauka. Mtoto aligeuza kichwa huku na huku, kana kwamba naye anasikiliza. Nakijwa akamnyang'anya mzee yule mtoto, akamkaza kifuani, na hajamwachia mkono mpaka leo, maana anajua siku atakayomwachia atapotea.

Na wewe unayenoa shoka kwa ajili ya yule unayempenda, una hakika kwamba anayekuitikia ni yeye?